Kompyuta ya kwanza ya gemu: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri

Ukiingia duka lolote la kompyuta Kariakoo au Posta ukasema unataka mashine ya gemu, swali la kwanza litakuwa "i5 au i7?" Usilijibu. Hayo ni majina ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Chukua i7-2600 ya mwaka 2011 na i3-12100 ya mwaka 2022: zote mbili zina kori (vitengo vya kazi) nne, lakini kwenye gemu hiyo i3 inaiacha i7 mbali sana. Kinachokuonyesha kizazi cha prosesa ni tarakimu zinazofuata baada ya kistari, na hizo muuzaji hazitaji mpaka umuulize. Jina la i7 linauzika lenyewe, ya nini ajichoshe?

Mimi kazi yangu ni kuunganisha hizi mashine, na wengi wanaonijia wameshanunua prosesa ya bei mbaya, wakabakiwa na hela ya soda kwa ajili ya kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Wameanzia mwisho. Kwa gemu, mambo yanaanzia kwenye skrini. Skrini inakwambia kadi gani inahitajika, kadi inakwambia sapulai (kifaa kinachoilisha mashine umeme) ya wati ngapi, na prosesa inatafutwa ya kuendana na hiyo kadi.

Skrini ya 1080p ina pikseli, yaani vidoti vya picha, milioni mbili na kidogo. Ya 1440p inaiongezea kadi kazi kwa karibu asilimia 78, na ya 4K inaifanya kazi hiyo kuwa mara nne ya ile ya 1080p. Kama utachezea TV ya sebuleni yenye 60Hz, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kadi ya kutoa fremu (picha) 140 kwa sekunde ni hela iliyolala, kwa sababu TV itakuonyesha 60 tu. Kwa anayeanza, monita ya inchi 24 ya 1080p yenye 144Hz inatosha kabisa, na kadi za bei ya kati zinaimudu. Hapo umeshajua mzigo wako, na huwezi kuyumbishwa na mtu.

Kwenye kadi, tenga theluthi mpaka nusu ya hela yote. Usishuke chini ya 8GB za memori kama nia yako ni gemu mpya. RX 6600 ya AMD ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi: ina 8GB na inakula wati 132 tu. RTX 4060 ya Nvidia inakula chini ya hapo, wati 115. RTX 3060 ya 12GB inafika 170, ila memori yake inakufaa kama unafanya pia uhariri wa video. Ya kuikwepa ni RX 6500 XT, hata ukiiona mpya na imefungwa vizuri. Ina 4GB, na inazungumza na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) kwa njia nne tu za PCIe, ambayo ndiyo tundu la kadi. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0, mwendo unashuka waziwazi.

Sasa tukae kidogo kwenye kadi za mtumba, maana huko ndiko wengi tunakoangukia. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na mashamba ya uchimbaji yakamwaga kadi zao sokoni dunia nzima. Nyingine zilifika kwetu kwa njia ya Dubai na China. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Chipu yenyewe inaweza kuwa nzima. Zinazochoka ni feni na zile pedi laini za kupitisha joto kwenye memori, na zote zinabadilishika. Kibaya zaidi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia: kadi yenye jina ambalo si lake. Kuna GTX 550 Ti za mwaka 2011 zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili Windows izisome kama GTX 1050 Ti. Kuna pia RX 580 zilizopunguzwa, zinazojulikana kama 2048SP, zinauzwa kwa bei ya RX 580 kamili.

Kwa hiyo nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ya bure na ni ndogo. Omba kadi iwashwe dukani, ifungue. Kadi ya Nvidia iliyobadilishwa jina, GPU-Z huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Kwa RX 580 tazama mstari wa idadi ya sheda (Shaders, vitengo vidogo vya kuchora picha): ya kweli ina 2304, iliyopunguzwa ina 2048. Hiyo ya 2048 si takataka, ila bei yake iwe ya kwake. Halafu iache kadi ifanye kazi nzito kwa dakika kama ishirini huku unaangalia skrini na unasikiliza feni. Vidoti vya rangi, mistari, au skrini kuzima ghafla, unaaga na kuondoka. Muuzaji anayekataa kuiwasha kadi ameshakujibu bila kufungua mdomo. Jambo moja zaidi: GTX za mfululizo wa 10 ziliacha kupata draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za gemu Oktoba 2025, zimebaki na masasisho ya usalama. Zinacheza bado, ila usizinunue kwa bei ya kadi yenye maisha mbele yake.

Sapulai ndiyo kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachoondoka na wenzake kikifa. Kwenye boksi utaona "500W" kwa maandishi makubwa. Yapite hayo, geuza sapulai yenyewe usome jedwali dogo la ubavuni. Tafuta safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi vinalishwa kutoka hapo. Ikiwa imeandikwa 20A, zidisha: 12 mara 20 ni wati 240. Zilizobaki mpaka kufika 500 ziko kwenye boksi tu. Mashine yenye prosesa ya AMD ya Ryzen 5 ya kawaida na RX 6600 inaweza kuvuta karibu wati 270 ikibanwa, kwa hiyo sapulai ya namna hiyo itakuzimia katikati ya mechi, au siku moja itoe moshi. Chukua ya 550W ya kampuni inayojulikana, ambayo jedwali lake la 12V linakaribia wati zilizoandikwa nje. Stika ya 80 Plus inaeleza tu umeme mwingi kiasi gani haupotei kuwa joto. Haisemi kwamba ndani kuna kinga za maana, na stika kila mtu anaweza kuchapisha.

Kuna vitu viwili kwenye sapulai ambavyo video za Wamarekani hazitakwambia. Cha kwanza ni ile swichi nyekundu ya nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa iko 115 na wewe unachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio mmoja tu. Hakikisha iko 230 kabla ya chochote, na afadhali zaidi ununue isiyo na swichi hiyo kabisa. Cha pili: soma inapokea volti ngapi. Nyingine zimeandikwa 100–240V, nyingine 200–240V. Unapoishi mtaa ambao saa mbili usiku taa zinafifia kila mtu akiwasha pasi na jiko, hiyo ya 200 itakuwa inajizima wakati ya 100 inaendelea kama hakuna kilichotokea. Tofauti ya bei kati yao mara nyingi ni ndogo.

UPS, ile betri ya kukushikilia umeme ukikatika, ni nzuri, ila usidanganywe na namba hapo pia. Ya 650VA mara nyingi haifiki wati 400, na betri yake ni ya kukupa muda wa kusevu na kuzima, siyo ya kumalizia mechi.

Turudi kwenye prosesa na mazabodi. Hapa kuna suala la hela kuja kidogo kidogo. Vijana wengi wananunua kifaa kimoja kila mwezi: leo mazabodi, mwezi ujao RAM, baadaye sapulai, mpaka mwisho wa mwaka. Kosa lake ni kwamba waranti inaanza kuhesabiwa siku ya risiti. Siku unapokuja kuwasha kwa mara ya kwanza na mazabodi haitoi picha, muda wa kurudisha umeshapita, na huwezi hata kujua kilichokufa ni kipi.

Afadhali ukusanye hela kimyakimya mpaka ifike ya kununua kwa siku moja mashine inayowaka, hata kama haina kadi. Ryzen 5 5600G inakufaa kwa njia hiyo. Ina kori sita, na ina grafiki ndani yake ya kutosha kucheza Valorant au gemu za mpira kwa mpangilio wa chini huku ukitafutia hela ya kadi. Ukishapata RX 6600 unaichomeka, na safari inaendelea. Kama hela ya kadi unayo tayari, chukua 5600 isiyo na G: kashe yake (memori ndogo ya ndani ya prosesa) ni 32MB dhidi ya 16MB za mwenzake, na inatumia PCIe 4.0 wakati ile ya G inaishia 3.0. Kwa upande wa Intel, herufi ya kuangalia ni F. i3-12100F haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi utakaa unaitazama skrini nyeusi na kudhani mashine ni mbovu.

Soketi (tundu la prosesa) ya Ryzen hizo, AM4, ni ya zamani, na wapo watakaokwambia ununue AM5 kwa sababu ina maisha marefu mbele. Ni kweli, ila AM5 inataka RAM ya aina ya DDR5 pekee, na bei za RAM zilipaa mwishoni mwa 2025 viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye seva za akili mnemba. Piga hesabu ya mazabodi na RAM pamoja ndipo uamue. Ukichukua mazabodi ya AM4 kama B450 au B550 iliyokaa dukani miaka, uliza kama BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) imeshasasishwa kwa Ryzen za mfululizo wa 5000. Na ukiona i7 au i9 za Intel za kizazi cha 13 na 14 zikiuzwa mtumba kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba mwaka 2024 Intel ilikiri baadhi yake zilikuwa zinajiharibu kwa volti kubwa. Sasisho la BIOS linazuia tatizo, haliponyi prosesa iliyokwisha kuathirika.

Njia ya bei ndogo zaidi ni kuchukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex, na kuipachika kadi. Sina ubaya nayo, ila ziangalie ndani kwanza. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, ina ya kwake ya pini 8. Sapulai ya dukani haiingii bila adapta, na iliyokuja nayo ni ya wati 290 kwenye kasha kubwa, 255 kwenye lile jembamba. Hapo tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama RTX 3050 ya 6GB inayokula wati 70, na kwa kasha jembamba iwe ile fupi ya kimo. Kuhusu kizazi, mimi sishuki chini ya cha nane (9020 ni ya cha nne, kwa hiyo ichukue kama mfano tu wa kuangalia ndani). Windows 10 iliishiwa na huduma Oktoba 2025, Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za chini ya hapo, na Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vipengele vya usalama vya mashine.

RAM: vipande viwili vya 8GB, siyo kimoja cha 16, hasa kama unaanza na grafiki ya ndani ya prosesa. SSD (hifadhi ya gemu zako): ile ya kasi, NVMe, ya 1TB ukiweza, maana gemu moja siku hizi inapita 100GB na bando unalijua wewe.

Kasha lenye kioo mbele linapendeza picha. Kwa Dar, Tanga au Mombasa nunua lenye wavu mbele. Feni haiwezi kupooza kifaa chini ya joto la chumba, na chumba cha nyuzi 32 kinakula nafasi yote uliyokuwa nayo. Feni mbili zivute hewa mbele, moja itoe nyuma, na wavu wa vumbi usafishwe kila mwezi. Mfumo wa kupoozea kwa maji kwa prosesa ya wati 65 ni mapambo.

Siku ya kuwasha, RAM ziwe kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama mazabodi ina matundu manne. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), la sivyo RAM uliyoilipia 3200 itakuwa inakimbia kwa 2133 au 2400. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uipandishe monita hadi 144Hz, kwa sababu yenyewe mara nyingi inaanzia 60, na nimekuta mashine ambazo mwenyewe amecheza nazo miezi bila kujua.