Nusu senti ya barabara Phoenix: mbona haikuisha?

SWALI: Assalaam aleikum, mhasibu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, uraia wa huku bado sijapata, nina duka dogo Phoenix, Arizona. Nauza unga, mchele, maharagwe na mafuta ya mawese kwa wateja wangu Wakongo, na upande mmoja nina vitenge, madera na masufuria. Tuliambiwa ile kodi ya barabara ya kaunti mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2025. Tarehe imepita nami bado naikata. Mteja mmoja ananiambia kodi imepandishwa, na kweli zamani nilikuwa nakata 8.6 kwa mia, sasa ni 9.1. Hii ni kodi mpya? Ya zamani mbona haikuisha na barabara zishajengwa? Nibadilishe kitu kwenye mashine ya risiti? Na kwetu barabara tunazilipia kwenye petroli, huku mbona tunazilipia kwenye kitenge?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mteja wako amechanganya mambo mawili yaliyofuatana kwa karibu, na simu za namna hii nimepokea nyingi. Nyongeza uliyoiona haikutoka kaunti wala haihusu barabara. Ni Jiji la Phoenix lililopandisha kiwango chake kutoka 2.3 hadi 2.8 kwa mia kuanzia tarehe 1 Julai 2025, kwa kura ya madiwani, ili kuziba pengo la bajeti yake. Kodi ya barabara ya kaunti ya Maricopa ilikuwa nusu senti kwa kila dola kabla ya Januari 2026, na ni nusu senti mpaka leo. Kilichobadilika ni sheria inayoisimamia na mgawanyo wa fedha zake.

Tuchukue doti ya kitenge ya dola 40. Kodi yake ni dola 3 na senti 64. Jimbo linachukua 5.6 kwa mia, yaani dola 2 na senti 24. Jiji linachukua 2.8, yaani dola 1 na senti 12. Kaunti inabakiwa na 0.7, ambayo ni senti 28. Hata hizo senti 28 si zote za barabara: senti 8 zinakwenda kwenye magereza ya kaunti, na senti 20 ndizo hizo tunazozigombania. Kwenye unga, mchele na mawese unayouza mtu akapike kwake, hukati kitu, kwa sababu jimbo limesamehe chakula cha nyumbani, kaunti inafuata jimbo, na Phoenix nayo imesamehe. Ukifungua tawi Tempe au Glendale, uliza kwanza, maana miji hiyo inatoza chakula kodi yake ya mji. Na siku utakapoweka meza mbili watu wakaketi kula sambusa na chai, hilo si duka tena machoni pa kodi, ni mkahawa, na sambusa itatozwa.

Kuhusu mashine: kama tangu Julai 2025 inakata 9.1, usiiguse. Kwenye ritani yako ya TPT-2, yaani ile fomu unayoipelekea jimbo ya kodi ya mauzo, mstari wa kaunti, wenye alama MAR, na ule wa Phoenix, wenye alama PX, inabaki vilevile. Jambo moja linalowasumbua wengi ni mteja wa Mesa anayepiga simu umpelekee masufuria. Arizona inamtoza muuzaji wa ndani ya jimbo kwa mahali alipo yeye, si kwa mahali alipo mnunuzi. Hivyo unakata ya Phoenix. Anayekata kwa mahali pa mnunuzi ni muuzaji wa nje ya jimbo, ambaye tangu Oktoba 2019 naye analazimika kukusanya akivuka kiwango fulani cha mauzo.

Sasa swali lako kubwa: mbona haikuisha.

Iliisha, kisheria. Wapiga kura wa Maricopa waliikubali mara ya kwanza Oktoba 1985, kwa miaka 20, na karibu yote ilikuwa ya barabara kuu. Novemba 2004 wakaikubali tena kwa miaka mingine 20, safari hii mabasi, treni na barabara za mijini zikapewa fungu la maana. Muhula huo ndio uliokwisha Desemba 2025. Lakini tarehe 5 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa rais, kwenye karatasi hiyohiyo ya kura palikuwa na Pendekezo 479, na karibu asilimia 60 wakasema ndiyo. Ya zamani ilifungwa usiku wa mwaka mpya na nyingine ya ukubwa uleule ikafunguliwa alfajiri yake, kwa miaka 20 tena. Kwa mteja anayelipa kaunta hakuna tofauti. Mhasibu anaiona, kwa sababu fedha za muhula mpya haziendi kulingana na ahadi za 2004.

Utasema, sawa, lakini barabara zishajengwa. Hapo nakupinga kidogo. Chukua ile barabara kuu ya Loop 202 ya South Mountain, inayozunguka kusini mwa mji kutoka magharibi hadi Chandler. Ilikuwa kwenye ramani waliyoipigia kura watu wa 1985. Imefunguliwa Desemba 2019. Miaka 34! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ile kura alipita juu yake akiwa na watoto wake. Katikati palikuwa na kesi mahakamani, ubishi na jamii ya wenyeji asilia ya Gila River iliyo jirani, na mdororo wa uchumi wa 2008. Kodi ya mauzo ina tabia moja ambayo wewe muuza duka unaijua kuliko mimi: watu wakiacha kununua, hakuna cha kukusanya. Makusanyo yalishuka, miradi ikasogezwa mbele, na barabara hiyo yenyewe ikapunguzwa kutoka njia kumi za magari hadi nane. Kwa hiyo kila kodi ya namna hii inapoombewa upya, sehemu ya orodha huwa ni viporo vya muhula uliopita. Wanaoipigia debe hawapendi kulisema hilo kwa sauti.

Sehemu nyingine haimaliziki kwa kujengwa. Basi ukishalinunua, dereva anataka mshahara kila mwezi na matairi yanaisha. Kama nusu senti ingekatika Desemba 2025, kilichokuwa cha kwanza kuguswa ni huduma za kila siku. Lami ya jana ingebaki pale ilipo, lakini basi la saa kumi na moja alfajiri linalowapeleka watu kazini ndilo lingekuwa hatarini.

Kisha kuna suala la mkopo, ambalo halitajwi kwenye mabango ya kampeni. Barabara kuu haijengwi kwa makusanyo ya mwezi kwa mwezi. Serikali inauza hati fungani, inapata fedha nyingi kwa mkupuo, kisha inalipa kwa ile nusu senti kadiri inavyoingia. Anayenunua hati hizo anataka kujua kodi itaishi mpaka lini, na hakopeshi kupita umri wake. Kwa hiyo kadiri mwisho unavyokaribia, uwezo wa kukopa unayeyuka, na miaka ya mwisho ya muhula huwa ya kulipa madeni zaidi ya kuanza kazi mpya. Ndiyo maana kura ilipigwa miezi 14 kabla ya kodi kwisha. Wangengoja iishe kwanza, wangeanza upya na mfuko mtupu, na fedha za serikali kuu ya Washington, ambazo mara nyingi hutaka mji uweke chake mezani kwanza, zingetafuta mahali pengine pa kwenda.

Na kufika tu kwenye kura kulikuwa vita. Kaunti ya Maricopa haiwezi kuitisha kura ya kodi hii bila ruhusa ya Bunge la jimbo. Mwaka 2022 Bunge lilitoa ruhusa, gavana Doug Ducey akaipiga kura ya turufu. Juni 2023 Bunge likatunga nyingine, gavana mpya Katie Hobbs naye akaikataa toleo hilo. Mwanzoni mwa Agosti 2023 ndipo akatia saini maafikiano. Ugomvi wa 2023 ulikuwa hasa juu ya treni.

Maafikiano hayo ndiyo unayoyalipia leo, basi yajue. Katika kila dola ya kodi hii, senti 40 na nusu ni za barabara kuu, senti 22 na nusu ni za barabara za mijini na za kuunganisha miji, na senti 37 ni za usafiri wa umma. Muhula wa 2004 barabara kuu zilikuwa na zaidi ya 56, barabara za mijini 10 na nusu, na usafiri wa umma kama 33. Umeona fungu lililokatwa na lililokuzwa. Lakini sheria ikaweka kufuli: fedha hizi haziruhusiwi kurefusha reli ya treni ya mjini. Reli iliyopo inaweza kukarabatiwa, kwa sehemu ndogo tu. Hata njia iliyokusudiwa kufika kwenye majengo ya Bunge ilibidi ipindishwe.

Labda unajiuliza, mbona njia ya treni ya South Central ilifunguliwa Juni 2025? Hiyo ilitegemea zaidi mifuko mingine, ukiwemo wa jiji. Agosti 2015 wapiga kura wa Jiji la Phoenix waliikubali kodi yao wenyewe ya usafiri, 0.7 kwa mia kwa miaka 35. Imo ndani ya ile 2.8 ya jiji. Kwenye kitenge chako cha dola 40 ni senti 28, nyingi kuliko zile 20 za kaunti. Mteja akikasirikia treni, mwelekeze kwenye mstari sahihi wa risiti.

Nakuja kwenye petroli. Kwetu Kenya tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Arizona nayo ina kodi ya mafuta: senti 18 kwa galoni, na galoni ni kama lita 3.8. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Bei ya lami na ya fundi imepanda mara kadhaa, magari yanatumia mafuta kidogo zaidi, mengine ni ya umeme, na wanasiasa hawathubutu kukigusa. Isitoshe, katiba ya jimbo inazifunga fedha hizo kwenye barabara tu. Huwezi kununua basi kwazo. Pengo likazibwa kwa kodi ya mauzo, ambayo wapiga kura waliona rahisi kuikubali kwa sababu inakuja senti mbili mbili.

Kuna kichekesho ndani yake. Petroli yenyewe, kwa kuwa ina kodi yake, haikatwi kodi hii ya mauzo. Mwenye gari kubwa anayeteketeza mafuta kutwa nzima kwenye Loop 101 halipi hata nukta ya nusu senti pale pampuni, ila bibi anayekuja kwako kwa miguu kununua sufuria anailipa. Mimi sioni kuwa ni haki kamili. Msamaha wa chakula unapunguza makali, kwa sababu mwenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa ya fedha zake sokoni, lakini hauyaondoi. Hata hivyo kati ya hii na mabasi kupungua, ningeipigia kura, kwa sababu anayepanda basi ndiye bibi yuleyule.

Angalia pia jinsi kizingiti cha kura kinavyoamua mambo. Maricopa walishinda kwa karibu asilimia 60. Kaunti ya Fresno, California, iliomba jambo kama hilo Novemba 2022, kuirefusha kodi yao iliyokubaliwa mara ya kwanza 1986, ikapata kama asilimia 58 na ikashindwa, kwa sababu California ilitaka theluthi mbili. Kura zinakaribiana, ila huku zimetosha na kule hazikutosha.

Umesema huna uraia bado, hivyo hukupiga kura. Mikutano ya MAG, chombo cha pamoja cha miji ya kaunti kinachopanga miradi hii, iko wazi kwa yeyote na haimuulizi mtu pasipoti. Mwenye duka aliye kando ya barabara itakayochimbwa ana la kusema pale, hasa kabla ya ratiba kufungwa. Jimbo pia limekuwa na kawaida ya kuukagua mpango huu kila miaka mitano kupitia ofisi ya mkaguzi mkuu wake, na taarifa hizo hutolewa hadharani.

Jambo la mwisho ni dogo lakini la pesa. Kisheria hii si kodi ya mteja, ni kodi yako wewe kwa idhini ya kufanya biashara; unaruhusiwa tu kumpitishia mteja. Ukisahau kuikata kwenye kitenge, jimbo halitamfuata aliyekinunua. Kwa hiyo kagua risiti zako za Julai na Agosti 2025, na kama mashine ilikuwa ingali kwenye 8.6, niandikie tusahihishe ritani za miezi hiyo kabla wao hawajakuandikia.