Elki wa Colorado: miguu kwanza, bunduki baadaye

Tangu niweke ile picha ya Oktoba ya elki, yaani kulungu mkubwa wa Marekani, niliyemwinda huku Colorado, simu yangu haijatulia. Kaka mmoja wa Texas, Mtanzania mwenzangu, kaniandikia: "Nimechoka kuwinda nguruwe kwenye shamba la watu. Nataka elki, nataka milima, nataka ardhi ya umma. Nianzie wapi?" Wa Nairobi wananiuliza kama siogopi kufungwa, maana kwao uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Wa nyumbani Tanga wao wameuliza jambo moja tu: alitoa kilo ngapi?

Nianze na hao wa kilo. Jike mzima wa elki huwa na kilo 220 hivi, dume hufika 300 na kupita. Ukiondoa ngozi, mifupa na matumbo, dume anaweza kukuachia kilo 90 hadi 100 za nyama tupu. Shikeni hesabu hiyo, kwa sababu nyama hiyo haina miguu ya kujipeleka garini. Utaibeba wewe, mgongoni, kwenye mteremko uliojaa magogo.

Kaka wa Texas, sasa nakuja kwako. Colorado ndiyo yenye elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, zaidi ya laki mbili na nusu. Sehemu kubwa ya milima wanamoishi ni misitu ya taifa. Msitu wa White River peke yake una ekari kama milioni 2.3, na hakuna mtu atakayekusimamisha kukuuliza unakwenda wapi. Sisi tuliozoea habari za vitalu vya uwindaji, ambako kampuni ndiyo yenye kitalu na mgeni wake ndiye mwenye madola, tunachelewa kuliamini hili. Mimi ni dereva wa lori. Napanda mlima uleule anaoupanda daktari wa upasuaji, na elki hatuulizi mishahara yetu.

Ila ardhi kuwa ya wote haina maana kwamba na siri zake ni za wote. Hapo ndipo nilipoumia.

Kazini kulikuwa na bwana mmoja, mwenyeji, baba yake aliwinda na babu yake aliwinda. Mwaka mzima alikuwa ananiambia, "Msimu ukifika twende wote." Nikanunua buti, nikafanya kozi ya usalama ya wawindaji, nikaomba likizo mapema. Wiki ya msimu ikafika, gari lake likawa limejaa. Nikamwomba basi anielekeze hata bonde moja tu nikajaribu mwenyewe. Akachukua karatasi akanichorea barabara, akatia alama ya msalaba.

Nilifika usiku kwenye ule msalaba. Magari yalikuwa yamejipanga kando ya barabara mpaka kona ya mbali, mahema, majenereta, watu wanachoma soseji. Asubuhi kila kichaka kilikuwa na mtu mwenye nguo ya rangi ya chungwa. Elki hata harufu yake hakuna. Niliporudi kazini nikawakuta wanacheka, na mmoja akaniuliza kama nimeona simba. Watu huwa wanasema unashukuru maadui zako kwa kukufundisha. Mimi sijashukuru. Bado nafanya kazi na yule bwana, tunasalimiana, yanaishia hapo.

Tangu siku ile nikajiapiza kwamba sitaomba tena bonde la mtu. Na wewe usiombe. Hata mimi usiniombe langu, maana sitakupa. Nimelipata kwa jasho langu. Lakini namna ya kulitafuta nakupa bure.

Nenda kabla ya msimu. Hiyo ndiyo siri, na nitairudia mpaka uchoke. Kuanzia Julai, kila nilipokuwa sina safari ya lori, nilipanda. Mke wangu alinuna mwanzoni, baadaye akawa anakuja na chupa ya chai na maandazi, anakaa chini ya miti mimi nikizunguka. Kabla ya kutoka nyumbani unasoma ramani. Kuna programu za simu zinazoonyesha mpaka wa ardhi ya umma na ya watu binafsi, na unaweza kuzipakua ili zifanye kazi pasipo mtandao, kwa sababu huko mtandao haupo. Unatafuta vitu vitatu vilivyokaa karibu: maji, majani ya kula, na msitu mnene wa kulala. Mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua, theluji huyeyuka mapema na nyasi huwepo. Unaotazama kaskazini una miberoshi iliyosongamana, una baridi na giza, na elki hulala humo mchana. Alfajiri na magharibi utawakuta kati ya hapa na pale.

Halafu unapima umbali kutoka barabarani. Risasi za siku ya kwanza zikilia tu, elki wanahama: ama wanaingia kwenye ranchi za watu ambako huwezi kuwafuata, ama wanakwenda kwenye mashimo na makorongo ambayo mvivu hafiki. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani mahali pazuri palipo karibu na maegesho, ujue na wenzako mia wamepaona. Mimi natafuta mahali ambapo ramani yenyewe inanikatisha tamaa.

Ramani haitoshi, miguu ndiyo inayothibitisha. Tazama kinyesi kama ni kibichi, miti midogo ambayo madume wameimenya magome kwa pembe, tope ambalo madume hugaagaa. Na tumia pua. Niliingia siku moja kwenye msitu mzito, nikasikia harufu kama ya zizi la ng'ombe la mjomba wangu Handeni, nikajua hapa wamelala leo. Sikumwona hata mmoja, lakini nilitia alama kwenye simu na moyo ukatulia. Jua pia kwamba elki wa Julai wako juu kabisa, na theluji ya Oktoba huweza kuwashusha. Kwa hiyo usiishie kujua wanapokula. Tafuta na njia wanazopita wakishuka.

Upepo. Hapa wengi wanaoshuka mikono mitupu ndipo wanapoangushwa. Milimani asubuhi na mapema hewa ya baridi hushuka bondeni. Jua likishapasha mteremko, inageuka inapanda. Jioni inashuka tena. Ukiwa juu ya elki alfajiri, harufu yako inawafikia kabla hujawaona, na pua ya elki haibembelezwi. Mimi nina kichupa cha unga laini, nakibonyeza kila mara naangalia unaelekea wapi. Kimenigharimu dola chache na kimenisaidia kuliko darubini.

Sasa kaka, wewe unatoka uwanda wa Texas. Huku tunawinda kati ya mita 2,700 na 3,500. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hiyo ni kati ya kibanda cha Mandara na kukaribia Horombo. Fika siku kadhaa mapema, lala pa kati kabla ya kupanda juu, kunywa maji hata kama husikii kiu. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, au ukaanza kuyumba, shuka usiku uleule, usingoje asubuhi. Na ufanye mazoezi ya kubeba, maana kukimbia kwenye mashine ya gym hakukufundishi kubeba paja la elki. Mimi nilitia mfuko wa mchele wa kilo 20 kwenye begi nikawa napanda na kushuka ngazi za jengo letu. Jirani mmoja akauliza kama tunahama.

Habari ya sheria nitaipitia haraka, soma mwenyewe kitabu cha kanuni cha idara ya wanyamapori ya jimbo. Aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu wa bunduki unavaa inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa inayowaka, juu ya kiuno, na kofia yake; ya waridi inayowaka pia inaruhusiwa. Unapiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Mkaazi hulipa leseni chini ya dola 100, wa nje kama wewe utalipa mamia kadhaa. Na kama uko Marekani kwa viza ya masomo au ya kutembelea, ongea na mwanasheria kabla hujagusa bunduki. Hili silifanyii mzaha, watu wamepoteza makaratasi yao.

Oktoba yangu ilikuwaje? Nilikuwa na leseni ya jike niliyoipata kwenye droo, yaani bahati nasibu ya leseni ya jimbo. Nilianza kupanda saa tisa usiku, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Kulipopambazuka nikawaona wanatoka kwenye nyasi kurudi msituni, kwa njia ileile niliyoitia alama Agosti. Nikasema Bismillah, nikafyatua, mita 200 hivi. Akakimbia kidogo akaanguka kwenye magogo.

Jamani, nililia. Acheni niseme. Halafu nikapandisha mikono ya koti, kwa sababu kazi ndipo inaanza. Unachuna na kutenga miguu minne, nyama ya mgongo na sarara, zote kwenye mifuko ya kitambaa, unatundika kivulini ipoe. Kuacha nyama inayolika porini ni kosa. Alama ya jinsia ya mnyama lazima ibaki imeshikana na nyama. Nilibeba mpaka usiku mzito, magoti yakitetemeka, na kila nilipopumzika nilimfikiria yule bwana wa kazini. Jumatatu niliegesha gari mahali ambapo hakuweza kutoiona mifuko.

Nyumbani yakaja mengine. Mzee mmoja wa msikitini alitaka kujua kama nilimwahi kumchinja. Nikamweleza kwamba nilitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua na nilimkuta ameshakufa. Akaridhika, akapokea mguu wa mbele. Mwingine, ndugu wa karibu, alitaka kuninunulia paja zima kwa ajili ya sherehe. Nikamwambia nyama ya porini hapa haiuzwi, ni sheria, ila nitampa kipande bure. Akanuna. Akapita akisema nimeanza maringo tangu nipate elki wangu. Vijana, msije mkauza nyama hii hata kilo moja, hata kwa ndugu, hata kwa mafuta ya gari. Gawa.

Na mnaotuma picha za bunduki mpya na darubini za dola elfu mbili mkiniuliza kama zinafaa: zinafaa. Umepanda mara ngapi tangu mwaka uanze? Kijana anajua majina yote ya risasi, ngazi za ghorofa tatu zinamtoa ulimi. Mlima hausomi lebo ya koti. Uza hiyo darubini, jaza mafuta, nenda Julai ukatembee.

Nyama usiianze kabla ya majibu ya kipimo. Kuna ugonjwa unaowakondesha elki na kulungu na kuwaharibu ubongo. Unapeleka kichwa kwenye ofisi ya wanyamapori wanapima, na akikutwa nao, wataalamu wanashauri usimle. Wetu alikuwa salama. Na maombi ya droo kuu hufungwa mwanzoni mwa Aprili, kaka. Tangu 2025 watu wa nje hawauziwi tena papo kwa papo leseni ya kuwinda elki kwa upinde kwa upande wa magharibi wa barabara ya I-25, kwa hiyo usije ukategemea kununua ukifika. Fungua akaunti wiki hii, chagua namba ya eneo la kuwindia, kisha uombe likizo mbili: moja ya Oktoba, na moja ya Julai.