Usiniulize rangi ya kijiko, niulize baridi ilikuwa wapi

Tangu niweke picha ya yule chinuki, samoni mkubwa niliyemvua Ludington, bandari ya Ziwa Michigan huku Marekani, simu haijatulia. Pongezi nimezipokea zote, asanteni. Ila ujumbe ulionifanya nikae niandike ni wa kijana mmoja, mtu wa kwetu Kanda ya Ziwa, aliyehamia Grand Rapids mwaka huu: "Shikamoo kaka. Nimeliona hilo dude. Nataka kununua boti kabla ya Agosti. Ulitumia kijiko cha rangi gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Kijiko, yaani kile kibati chenye ndoano kinachojifanya samaki mdogo, kilikuwa cha kijani, kile kinachong'aa gizani ukikimulika tochi. Haya, umeshajua, na hakitakusaidia kitu.

Ngoja nieleze huyo samaki alivyopatikana, na wale waliosema nimebahatisha nao wasome. Kabla ya wikiendi ile upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma kwa nguvu. Pale gatini watu walinuna kwa sababu mawimbi yamewazuia kutoka. Mimi nilikuwa nachekelea moyoni. Upande huu wa mashariki wa Ziwa Michigan, upepo wa kaskazini au wa mashariki ukivuma vya kutosha, maji moto ya juu husukumwa kwenda katikati ya ziwa, na maji baridi ya chini hupanda kuziba pengo karibu na ufukwe. Chinuki hupenda maji ya nyuzi kama 7 hadi 12 za Selsiasi. Wakati wa joto maji hayo huwa yamejificha chini, pengine mita 30 na zaidi. Upepo ukiyapandisha, samaki anapanda nayo.

Tukatoka bado giza, mimi na mke wangu, yeye kwenye usukani. Tukapita kati ya kuta za bandari, tukageuza kuelekea mnara wa taa wa Big Sable Point. Nikashusha daunriga mbili. Kwa ambaye hajaziona: ni winchi yenye waya na tufe zito la madini ya risasi, kama kilo 5 hivi. Mshipi wako unaubana kwenye kibanio karibu na tufe, unalishusha mpaka kina unachotaka, na samaki akipiga, mshipi unachomoka, unabaki wewe na yeye tu. Kwenye waya wangu nimefunga kipimo cha joto na kasi. Mita 15 chini, kikasoma nyuzi 9. Sikushusha hata sentimita moja zaidi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Satelaiti ilisema boti inakwenda maili 2.4 kwa saa. Kipimo cha chini kilisema 1.8. Mkondo wa chini ulikuwa unaelekea tunakoelekea, kwa hiyo kijiko kilikuwa kinaning'inia tu, hakitikisiki. Nikamwambia mama watoto aongeze mafuta mpaka chini isome 2.4. Hatukumaliza hata kukaa. Fimbo ikanyooka ghafla, mshipi umechomoka kibanioni, kisha ikainama mpaka ncha ikagusa maji. Rili ikapiga kelele. Alichukua zaidi ya mita 100 za mshipi kabla sijajua nimesimama wapi, akapita chini ya mishipi mingine yote, akaenda chini, akatulia huko na kutikisa kichwa. Mke wangu anageuza boti taratibu, mimi navuta napumzika, navuta napumzika, mikono inatetemeka. Kulipokucha sawasawa akawa kwenye wavu. Kilo 12 na ushee, kwenye mizani ya banda la kusafishia samaki, mbele ya watu.

Nafahamu kwamba Agosti 2021, karibu na Ludington hapohapo, alivuliwa chinuki wa pauni 47.86, karibu kilo 22, akavunja rekodi ya Michigan iliyodumu tangu 1978. Kwa hiyo sijidai sana. Najidai kidogo.

Na nina sababu. Kuna bwana mmoja ambaye boti yake ilikuwa jirani na yangu. Kila alfajiri nilimsalimia. Kila alasiri alirudi na samaki. Nikimuuliza alikuwa kina gani, ananijibu, "Hapa na pale." Siku moja akaniambia mbele ya wageni wake kwamba watu wa kwetu tunajua nyavu, haya mambo ya fimbo tuwaachie wenyewe. Nilicheka, kama tunavyocheka tukiwa ugenini. Mpaka leo nikikumbuka namna nilivyocheka, nakasirika. Lakini nilitazama. Niliona kwamba vijiko vyake ni vilevile vya dukani ninavyonunua mimi, rangi zilezile. Tofauti ni kwamba kila baada ya muda mfupi alikuwa anatazama kipimo cha chini. Joto na kasi. Hakuna siri nyingine, na ile aliyokuwa anaificha ilikuwa inauzwa.

Sisi tuliokulia Mwanza samaki hawa tungepaswa kuwaelewa haraka, maana nao ni wageni kama sangara alivyoletwa Viktoria miaka ya 1950. Elwaifu, samaki mdogo wa rangi ya fedha kutoka Atlantiki, alijaa Ziwa Michigan wakati ambapo trauti mkubwa wa asili alikuwa ameshamalizwa na uvuvi pamoja na lampri, samaki mwembamba kama mkunga anayefyonza damu ya wenzake. Mwaka 1966 Howard Tanner na Wayne Tody wa idara ya uhifadhi ya Michigan wakaleta koho, samoni mwingine, kutoka Pasifiki wamle. Chinuki akafuata 1967, mwaka uleule elwaifu walipokufa kwa wingi na kuoza fukweni. Mpaka leo chinuki karibu hali kitu kingine. Kwa hiyo ukiona wingu la samaki wadogo kwenye skrini ya chombo cha kutafutia samaki na maji ya hapo ni baridi, usiondoke. Ukiona wingu na maji ni moto, ondoka. Nimesema joto tena? Nitasema tena.

Stilihedi, yule trauti anayekulia ziwani na kupanda mtoni kuzaa, ni habari nyingine, na kusema kweli huyo ndiye ninayempenda. Alitangulia wenzake, aliletwa Michigan tangu 1876 katika mto Au Sable. Chinuki anapokimbilia chini, huyu anakaa juu, mbali na nchi kavu, penye kina kirefu lakini yeye yuko kwenye mita 10 za kwanza. Mtafute pale maji mawili ya joto tofauti yanapokutana: utaona mstari wa povu na wadudu waliokufa juu ya maji. Hapo weka vijiko vidogo vya rangi ya chungwa, vitandaze pembeni kwa vile vibao vinavyoelea vinavyovuta mshipi mbali na boti, na uongeze mwendo mpaka maili 3. Akipiga anaruka. Ataruka kabla hujaishika fimbo, na mara nyingi utabaki unatazama ndoano tupu. Usimtukane.

Kuhusu boti: usinunue. Nasema hivi kwa mtu mwenye hamu kama yangu. Panda za wenzako kwanza, changia mafuta, osha boti, kaa kimya, tazama. Wengi wana boti zinazolala uani kwa sababu walinunua kabla ya kujifunza, na mke hasahau bei.

Na jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Hapa sitanii. Tarehe 23 Septemba 1967, koho walipokuwa wapya na watu wamepagawa nao, dhoruba iliwakuta wavuvi wa boti ndogo kwenye ghuba ya Platte, kwenye ziwa hilihili. Saba walikufa. Onyo la hali ya hewa lilikuwa limetolewa. Mtu wa ziwa kama wewe atasema amezoea mawimbi. Hujazoea haya, mafupi na yaliyosimama, wala hujazoea maji ambayo baridi yake inakukata pumzi kabla hujaita jina la mamako. Redio ya boti iwe wazi chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Tamaa ya samaki imeua watu wenye akili kunizidi mimi na wewe.

Leseni ya uvuvi hapa Michigan ni lazima kuanzia miaka 17, inaanza Aprili hadi Machi, na kila mtu anaruhusiwa mishipi mitatu. Kwenye kula, toa ngozi na mafuta ya tumboni, kwa sababu sumu za viwandani hujificha kwenye mafuta, na fuata mwongozo wa idara ya afya ya jimbo, hasa kwa wajawazito na watoto. Chinuki wa Juni mpike nazi. Wa Septemba, aliyekwisha kupauka anataka kupanda mto, huyo mkaushe kwa moshi.

Ziwa likitulia Jumamosi, nafasi moja ipo botini. Njoo na koti zito hata kama ni Julai. Wenyeji wa gatini wanaamini ndizi ni nuksi kwenye boti, hawataki hata kuiona. Mke wangu ni Mhaya, kwa hiyo kwetu ndizi hupanda kama abiria mwingine yeyote.