Ukucha Uliogeuka Manjano

SWALI: Ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu umegeuka manjano, umenenepa na unamegeka, ingawa hauumi. Je, ni fangasi, na nitawakingaje wa nyumbani kwangu?

JIBU: Yaelekea ni fangasi, ambao aghalabu huanzia kwenye ncha au pembeni mwa ukucha na kusogea polepole kuelekea shinani, huku uchafu mkavu kama unga ukijikusanya chini yake. Hata hivyo, ukucha ulioumizwa na viatu vinavyobana, au wenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoweza pia kushika kucha), huweza kufanana nao. Ni busara kipande chake kipimwe maabara kabla ya kuanza vidonge vya terbinafini (dawa ya kuua fangasi), ambavyo kwa kawaida humezwa kwa wiki 12 na mara chache hudhuru ini. Usitarajie sura nzuri upesi, kwani ukucha huo huchukua miezi 12 hadi 18 kuota upya.

Kausha vyema katikati ya vidole, badilisha soksi kila siku, na kikata kucha chako (jambo linalopuuzwa mno) kisitumiwe na mwingine. Ngozi ya katikati ya vidole ikiwasha na kubabuka, itibu mapema, maana fangasi hao huhamia kwenye kucha. Ukiwa na kisukari, mwone daktari bila kuchelewa.