Kwa ndugu wa Mbale: usinunue hiyo flash

Usinunue kabisa. Umeuliza uanze na tamthilia gani ya wapelelezi wa zamani kwa vijana wako wa Jumamosi, uweke yenye VJ, yule anayetafsiri kwa sauti juu ya filamu, au yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, na kiingilio kiwe shilingi ngapi. Macho yangu yameganda pale uliposema muuza filamu amekuahidi flash yenye "Agatha Christie zote", yaani hadithi zote za upelelezi za mwandishi huyo Mwingereza, eti vijana hawatahitaji vitabu. Maneno hayohayo niliambiwa hapa Jinja.

Tulikuwa na kikundi cha vijana wasomaji, nakala moja ya kitabu cha Christie, The Body in the Library, na mashindano ya maswali dhidi ya kikundi kingine. Nakala moja isingeweza kupita mikononi mwa wote kwa wakati, nikaenda library ya filamu, duka la kunakilisha filamu, karibu na paki ya teksi. Jamaa akaniapia kwamba filamu ni kitabu kilekile, neno kwa neno. Akanijazia flash, tukatazama, vijana wakaandika kila kitu madaftarini. Siku ya mashindano likaja swali la mwisho: nani aliua, na kwa nini? Binti yetu akasimama, akajibu bila kigugumizi. Mwamuzi akafungua kitabu, akasoma, akatikisa kichwa. Binti akashikilia: "Lakini tumeona kwa macho yetu!" Na kweli alikuwa ameona. Ukumbi ukaangua kicheko, naye akakaa akajifunika uso kwa daftari. Swali hilo ndilo lililotuangusha, na yule binti hakurudi tena kikundini.

Tulichotazama ni toleo la ITV, televisheni ya Uingereza, la 2004, Miss Marple, mpelelezi wa kitabu hicho, akiwa Geraldine McEwan. Walioliandika walibadilisha suluhisho lenyewe. Kitabu cha 1942 kina jibu jingine. Mfululizo huohuo ulimwingiza Miss Marple hata kwenye hadithi ambazo Christie hakumweka kabisa. Toleo la BBC la 1984, la Joan Hickson, linafuata kitabu kwa karibu, na kufikia 1992 mama huyo alikuwa amecheza riwaya zote 12 za Marple. Kwenye flash yangu mafaili yaliandikwa "Marple" tu, bila mwaka, bila mwigizaji. Nilipomrudia muuzaji akaniambia, "Kwani kuna tofauti gani?" Mtu anauza hadithi za upelelezi halafu anauliza muuaji ana umuhimu gani! Hasira yangu kwake haijapoa hadi leo.

Kitabu kwanza, ndugu yangu, televisheni baadaye. Hata pale mabadiliko yalipofanywa kwa ustadi, utamu wake unaupata ukiwa umesoma. Katika The Sign of Four ya 1890, ya Conan Doyle, mpelelezi Sherlock Holmes anapewa saa ya mfukoni ya rafiki yake Watson, anaona mikwaruzo kuzunguka tundu la ufunguo, anatambua kwamba aliyekuwa nayo alikuwa mlevi mwenye mikono inayotetemeka: kaka yake Watson. BBC mwaka 2010 wakaigeuza saa ikawa simu, mikwaruzo ikahamia kwenye tundu la chaji, na kaka akawa dada. Aliyesoma anaruka kitini. Asiyesoma anaona simu tu.

VJ namheshimu kwenye filamu za ngumi. Huku dalili inaweza kujificha katika sentensi moja ya mtumishi anayeleta chai, na VJ akitia utani wake hapo, kesi imepotea. Weka maandishi.

Anza na The Speckled Band ya 1892, hadithi nyingine ya Holmes. Ni fupi, na hadithi za Conan Doyle zinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha. Wasomee kwa sauti ukiwafafanulia kwa Kiswahili, hadi Holmes na Watson wanapokaa gizani wakisubiri. Funika kitabu, waache wabishane: kwa nini kamba ya kengele haikuunganishwa na kengele yoyote, kwa nini kitanda kimekazwa sakafuni, kwa nini tundu la hewa linafunguka kwenye chumba cha jirani badala ya nje. Kisha malizia kusoma. Wakishalijua jibu, ndipo uwawekee kipindi cha televisheni cha Granada ya Uingereza cha 1984, Jeremy Brett akiwa Holmes, na uwape kazi ya kutafuta ile kamba inaonekana wapi kwa mara ya kwanza.