Kilichozama utosini hakichomolewi mapokezi

Msumari, mshale au ncha ya kisu iliyozama katikati ya utosi mara nyingi ndiyo inayoziba tundu ililolitoboa. Chini ya mfupa pale hupita sainasi ya sajitali, vena (mshipa wa kurudisha damu) kuu inayokusanya damu ya ubongo. Kitu hicho kizungushie gozi, yaani kitambaa cha kufungia jeraha, kisicheze, umpeleke mgonjwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta), pamoja na CT ya mishipa ikiwezekana. MRI, picha ya sumaku, hapana, chuma kinaweza kusogea. Na kipande cha mti kwenye CT huonekana cheusi kama hewa, kwa hiyo badilisha mwanga wa picha kabla ya kusema hakuna kitu.

Damu iliyolinganishwa na ya mgonjwa, walau chupa 4, iwe ndani ya thieta (chumba cha upasuaji), si benki ya damu. Kichwa kiinuliwe kidogo tu, nyuzi 15 hivi. Kikilala mno, damu hufurika. Kikiinuka mno, sainasi iliyo wazi hufyonza hewa. Hewa ikiingia, daktari wa usingizi ataona kabonidayoksaidi ya pumzi inashuka ghafla, kisha presha. Hapo mwagia jeraha salaini (maji ya chumvi), shusha kichwa, toa oksijeni 100%.

Toboa mfupa pande zote mbili za sainasi, kata kuzunguka kitu na ubakize kisiwa kidogo cha mfupa kinachokishika. Usikiguse mpaka uione sainasi mbele na nyuma yake. Kisha kitoe kwa mstari uleule kilioingilia, bila kukizungusha, msaidizi akiwa tayari na sponji ya jelatini ya kuzuia damu na pamba iliyoloweshwa. Bana tundu dakika 5 kwa saa ya ukutani. Wengi huchungulia baada ya moja, na damu huanza upya. Usiunguze kingo kwa umeme: hujikunja na tundu hupanuka. Usisokomeze sponji ndani pia, sainasi itaganda.

Tundu dogo lishone kwa uzi mwembamba wa prolini 5-0. Kubwa lifunike kwa kiraka cha utando wa fuvu au msuli wa panja. Theluthi ya mbele ya sainasi ikiwa imeharibika kabisa, inaweza kufungwa. Nyuma ya hapo pambana kuitengeneza, maana damu ikikosa njia ubongo huvimba na kufa.

Antibayotiki, chanjo ya pepopunda na dawa ya degedege kwa siku 7 hazina mjadala. Kinachosahaulika ni ateri, mshipa unaopeleka damu: ukuta uliokwaruzwa unaweza kutunga uvimbe wa damu baadaye, hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Rudia CT ya mishipa baada ya wiki 2 au 3.