Hesabu kwenye uchoraji wa nyumba? Mimi nilifundishwa na boriti

Ndugu uliyeuliza kama mchora ramani za nyumba bado anahitaji hesabu ilhali kompyuta inafanya yote: nachora ramani hapa Mombasa, na hesabu iliyonitia adabu niliipata Mji wa Kale.

Nyumba za kale kule ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana mita 2.5 hivi. Nilidhani ni mtindo tu. Mteja akataka ukuta wa kati usogezwe mita 1 sebule ipanuke. Nami, kijana na laptopu yangu, nikamchorea ramani ya kupendeza. Fundi mzee akaitazama, akachukua boriti, akailaza juu ya mawe mawili na kuikalia katikati. Kisha akayatenganisha zaidi mawe yale, akaikalia tena. Hakusema neno.

Usiku nikapiga hesabu. Boriti ile ile, mzigo ule ule kwa kila mita, kupinda hupanda kwa kipeo cha nne cha urefu. Kutoka 2.5 hadi 3.5 ni mara 1.4 tu, lakini kipeo cha nne cha 1.4, yaani 1.4 × 1.4 × 1.4 × 1.4, ni 3.84. Dari ingebonyea karibu mara nne! Ukuta ukabaki. (Mteja kaninunia mpaka leo.)

Wako watakaokupeleka Fort Jesus wakwambie Cairati, Mwitaliano aliyewachorea Wareno ngome ile iliyoanza kujengwa 1593, aliifananisha na mwili wa mtu, maana wasanifu wa zama zake waliona ulinganifu kamili umo mwilini mwa binadamu. Sawa. Lakini zitazame zile pembe zilizochomoza: kila moja inalinda ukuta wa jirani yake, adui asipate pa kujibanza. Hiyo ndiyo jiometri ninayoivulia kofia.

Na kompyuta? Hata siku ile ya boriti programu nilikuwa nayo. Sikuiuliza.

Juzi Kisauni tulikuwa tunapima msingi kwa kamba: mita 3 huku, 4 kule, kona kwa kona ikatoka 5.04 badala ya 5 inayotoka pembe ikiwa digrii 90 kamili. Kijana akasema sentimita 4 si kitu. Nikamwonyesha: pembe imefunguka digrii 1, na ukuta ule ni wa mita 12, kwa hiyo mwisho wake utatoka nje sentimita 20. Akaanza kung'oa vigingi mwenyewe.